Kukausha na kuhifadhi tikiti pori bila kuipoteza vitamini C: shajara ya mradi

Ninachotafuta ni vipande vya tikiti pori vilivyokauka, vinavyokaa miezi bila kuota ukungu, na ambavyo bado vina vitamini C ya kuhesabika vinapofika jikoni. Kukausha peke yake si kazi, jua linakausha chochote. Kazi ni hiyo vitamini. Inayeyuka kwenye maji, inaharibiwa na hewa, joto na mwanga, na haikuachii dalili: kipande kilichoipoteza yote na kilichobakiwa na nusu vinafanana kwa macho.

Naongeza ingizo kila hatua inapokamilika. Yanayojulikana nayapita juu juu. Palipoharibika naeleza kwa kirefu, kwa kuwa atakayefuata njia hii atajikwaa hapo hapo. Gharama naziandika kwa kilo, muda na moto uliotumika, kwa sababu bei hubadilika na mizani haibadiliki.

4 Februari: Kipimo kwanza

Bila kipimo mradi wote ungekuwa kubahatisha, kwa hiyo sijakata tunda hata moja kabla ya kukitengeneza. Nimetumia iodini na wanga. Iodini ikikutana na vitamini C hupoteza rangi yake. Vitamini ikiisha, tone linalofuata hushika wanga na kugeuka buluu nzito. Unachofanya ni kuhesabu matone mpaka buluu ikae bila kufutika.

Vitamini C ya vidonge ndiyo rula. Nimeyeyusha miligramu 100 kwenye lita 1 ya maji, hivyo kila mililita 10 ina miligramu 1. Kisha nikaizimua iodini ya kidonda ya asilimia 2 kwa maji, kidogo kidogo, mpaka matone 20 yakalingana na miligramu 1 hiyo. Iodini iliyozimuliwa hupungua nguvu ikikaa, kwa hiyo narudia kuipima na kidonge kila siku ya kazi.

Sampuli ni gramu 20 za nyama ya tikiti, bila ganda wala mbegu, zilizosagwa na kujazwa maji hadi mililita 100. Nachota mililita 50, natia maji ya wanga, nahesabu. Maji ya kusagia yana ndimu ya unga (asidi ya sitriki), kijiko kidogo kwa lita. Bila hiyo usomaji ulikuwa ukishuka huku nikiendelea kupima. Sababu yake imejulikana baadaye, soma ingizo la 22 Februari.

Tikiti bichi limesoma matone 38, yaani takriban miligramu 19 kwa kila gramu 100. Hiyo ndiyo 38 nitakayoirudia kote huku.

Tahadhari moja kwa anayetaka kuiga: kipimo hiki hakiioni vitamini C iliyokwisha kuoksidika (kubadilishwa na oksijeni ya hewa) hatua ya kwanza, ingawa mwili bado unaweza kuitumia. Kwa hiyo kinaelekea kusoma pungufu. Nakubali. Heri kipimo kinachonipunja kuliko kinachonisifu.

9 Februari: Kilo zote za leo zimetupwa

Tunda moja chungu limeingia kwenye beseni, likasagwa na kuchanganyika na mengine.

Uchungu wa jamii hii ya maboga, matango na matikiti unatokana na kukabitasini, kemikali ambazo mmea hujilindia. Kwenye matunda ya porini ni jambo la kutarajiwa, na matunda mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza kutofautiana. Hazitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Kiasi kikubwa huleta tumbo la kukata, kutapika na kuharisha vibaya. Kuzifunika kwa chumvi au viungo ni hatari zaidi, kwa sababu ulimi ndio mlinzi pekee ulio nao hapo.

Tangu leo kila tunda linakatwa kipande chembamba upande wa kikonyo, linaguswa kwa ncha ya ulimi, na mate yanatemwa. Likiwa chungu, linatupwa zima. Linalotia shaka pia linatupwa. Kazi hii hupoteza muda mrefu kuliko kumenya, na sijapata njia ya mkato.

15 Februari: Jua tupu

Njia ya kawaida ili nipate pa kulinganishia: kumenya, kukata vipande vyembamba, kutandaza juani mpaka vikauke. Vimetoka vyeupe, vikavu, vya kupendeza. Matone 4.

Hapa kuna mtego wa hesabu. Ukipima gramu 20 za vipande vikavu na kuzilinganisha na gramu 20 za tikiti bichi, utajiona umeongeza vitamini, kumbe umeondoa maji tu. Ulinganisho wa haki ni kurudi kwenye uzito wa awali. Kilo 1 ya nyama bichi hunipa gramu 87 kavu, kwa hiyo gramu 20 za bichi ni sawa na gramu 1.74 za kavu. Hizo ndizo ninazosaga. Matone yote ya vipande vikavu katika shajara hii yamehesabiwa hivyo.

22 Februari: Kisu kinaanza kuharibu kabla ya jua

Nilidhani mhalifu ni jua. Ili kuwa na hakika nilikatakata tikiti bichi vipande vidogo sana, nikaviacha kwenye bakuli kivulini nusu saa, bila jua na bila moto. Matone yalishuka kutoka 38 hadi 17. Zaidi ya nusu ilipotea ndani ya bakuli lililofunikwa!

Maelezo ni haya. Chembe hai (seli) za tunda zimehifadhi vitamini C sehemu yake na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho askobeti oksidesi sehemu yake. Kisu kinapopasua chembe, viwili hivyo hukutana, na kwa msaada wa hewa kimeng'enya huioksidisha vitamini haraka. Mimea mingi inacho, lakini jamii ya matango na maboga imejaliwa nacho kupita kiasi, hadi maabara zinazokihitaji hukikamua kutoka humo humo. Ushauri wa kukausha karoti au kabichi ukiuchukua kama ulivyo hautoshi kwa tikiti. Karoti iliyokatwa inaweza kusubiri kidogo, tikiti haliwezi.

Na hiyo ndiyo sababu ya ndimu ya unga kwenye maji ya kusagia: kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa shida penye uchachu.

Kuanzia hapa mradi umebadilika sura. Sitafuti tena jua la upole, natafuta namna ya kukiua kimeng'enya kabla hakijakutana na vitamini.

2 Machi: Maji yanayochemka, halafu mvuke

Kimeng'enya hufa kwa joto. Vipande vya milimita 5 vilivyochovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2 vimesoma 24 kabla ya kukaushwa. Nikapima na yale maji ya kuchovyea: nayo yalimeza matone. Vitamini ilikuwa imehama, na ningemwaga maji hayo ningemwaga kile nilichokuwa nakihangaikia. Kupoza kwa maji baridi, kama wengi wanavyoshauri, kuliongeza hasara hiyo hiyo.

Mvuke umenipa 29. Chungio juu ya sufuria, vipande safu moja, mfuniko umefungwa, dakika 3 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Vikishaiva hivyo napoza kwa hewa, nimevitandaza mbele ya feni.

Kujua kama mvuke umetosha, tumia hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Kata kipande katikati, dondoshea tone. Kipande kibichi huchemka povu jeupe papo hapo, viputo vidogo vinavyopanda na kujazana ukingoni. Kilichoiva sawasawa kinalowa tu, tone linakaa kimya. Povu likitokea kiini tu na pembeni hakuna, joto halijafika ndani. Povu hilo linatokana na kimeng'enya kingine, katalesi, lakini kinapokuwa kimekufa mpaka kiini, joto limekwisha kupita kila mahali, na hicho ndicho ninachotaka kujua. Kipande cha majaribio hakirudi kwenye chakula.

11 Machi: Mvuke kabla ya kisu

Bado matone 9 yalikuwa yanapotea kati ya ubao wa kukatia na sufuria. Kukata kilo chache huchukua muda, na vipande vya kwanza vinasubiri vya mwisho huku kimeng'enya kikila.

Jawabu ni kugeuza mpangilio. Tikiti linapasuliwa nusu, linatolewa mbegu kwa kijiko, na nusu hizo zinaingia kwenye mvuke zima zima na ganda lake. Kumenya na kukata vipande kunafuata baadaye, kimeng'enya kikiwa kimekwisha kufa. Matone 34.

Jaribio la kutia tunda zima bila kupasua lilishindwa. Joto lilichelewa kufika ndani, na kwa muda mrefu katikati kulikuwa na uvuguvugu, hali ambayo kimeng'enya hukimbia zaidi badala ya kufa. Nje palikuwa uji na ndani povu la peroksaidi lilichemka kama kawaida. Kwa nusu zenye nyama ya unene wa sentimita 1.5 hivi, dakika 6 zinatosha. Nene zaidi, ongeza muda na uamini peroksaidi kuliko saa.

Hasara ya njia hii: nyama iliyopita mvukeni ni laini, kisu huiburuza na vipande hung'ang'ania trei. Nimeacha milimita 5 na kukata milimita 7. Gesi pia inaliwa zaidi, kwa kuwa nusu huchukua nafasi kubwa kwenye chungio na mvuke unapigwa kwa mafungu.

20 Machi: Dawa, na namna zinavyodanganya kipimo

Nilijaribu tatu.

Maji ya limau yalisoma juu kuliko mvuke peke yake. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kuwa limau lina vitamini C yake. Nilikuwa napima limau. Kwa anayekula ni sawa, vitamini ni vitamini. Kwa anayetaka kujua kama njia yake inaokoa ya tikiti, jibu limechafuka. Nimebadili na ndimu ya unga, yenye uchachu lakini isiyo na vitamini C hata chembe. Kunyunyizia maji yake juu ya vipande vilivyotoka mvukeni kumesaidia kidogo wakati wa kukausha. Naendelea nayo.

Sodiamu metabaisalfaiti, unga wa salfa unaotumiwa viwandani kulinda rangi ya matunda makavu, ilisoma matone 44. Yaani zaidi ya tikiti bichi! Hapo lazima kuna uongo. Nikapima maji ya salfa peke yake bila tikiti, nayo yakanywa iodini kwa kiu ile ile. Salfa na vitamini C zote huifuta rangi ya iodini, na kipimo hakizitofautishi. Ni kweli kwamba salfa huilinda vitamini C, lakini kwa zana zangu siwezi kusema ni kwa kiasi gani. Isitoshe, inaharibu vitamini B1, na wapo wenye pumu ambao huwaletea kubanwa kifua. Nimeiacha.

Magadi soda ya kulinda rangi: usiguse. Vitamini C huvunjika upesi penye magadi kuliko penye uchachu. Rangi ilipendeza, matone yakaanguka.

Funzo la kazi: kila kitu kipya kinachoingia kwenye sampuli kinapimwa kwanza kikiwa peke yake.

5 Aprili: Kaushio

Kaushio ni la nishati ya jua, la aina isiyoruhusu jua kugusa chakula. Sanduku bapa lenye kioo juu na bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa chini hupasha hewa. Hewa hiyo hupanda hadi kabati lenye trei, lililofungwa giza, na kutokea juu kwenye dohani. Mbao, kioo kimoja cha dirisha, bati, wavu. Ujenzi wake sio wa kuandikia mengi, ila mambo mawili.

Kwanza, wavu. Wavu wa waya wa chuma uliacha mistari ya kijivu kwenye vipande vyenye ndimu. Ni chuma kilichoyeyuka kwa uchachu, na chuma, shaba zaidi, huichochea vitamini C ioksidike. Waya wa mabati nao haufai kwa chakula chenye asidi. Sasa natumia wavu wa plastiki ya chakula uliotandwa kwenye fremu ya mbao. Visu na sufuria ni vya chuma kisichoshika kutu, na hakuna shaba popote.

Pili, joto. Jua kali na dohani iliyozibwa nusu vilipeleka kipimajoto juu ya nyuzi 75. Vipande vilikauka nje upesi, vikajifunga ngozi ngumu, na ndani vikabaki na unyevu usio na pa kutokea. Kwa mkono ni vikavu, ukikipasua kimoja katikati kinanata. Matone 13, na ndani ya wiki ukungu ulionekana kwenye chupa. Fungu zima limetupwa.

Marekebisho ni dohani kubwa na mlango wa hewa unaofunguka kwa vipimo. Mwanzoni naachia nyuzi 60 hivi, kwa kuwa maji yanayotoka yanakipoza kipande chenyewe. Kikishapungua nusu ya uzito nafungua hewa zaidi na kushusha hadi 50 au 55. Jua likizama kabla havijakauka, trei zinaingia ndani ya sanduku linalofunga vizuri hadi asubuhi. Zikilala kwenye kaushio hunywa unyevu wa usiku na kazi ya jana inarudi nyuma.

Kwa mpangilio huu: matone 21. Zaidi kidogo ya nusu ya tikiti bichi, na mara tano ya jua tupu.

18 Aprili: Mizani ndiyo inayosema kavu

"Mpaka kikauke" si kipimo. Nilichukua gramu 100 za nyama bichi, nikazikausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito ukagoma kushuka. Zikabaki gramu 8. Hiyo ndiyo tikiti isiyo na maji kabisa. Sampuli hiyo ni ya hesabu, si ya kula. Kwa kilo 1, gramu 80 ni tikiti na 920 ni maji. Nikitaka vipande vyenye unyevu wa asilimia 8, nagawanya 80 kwa 0.92, napata 87. Trei ya kilo 1 ikifika gramu 87, imekauka. Ikiwa 95, bado, hata kama mkono unasema tayari.

Kipande kilichofika hapo hakikunjiki, kinavunjika kama biskuti.

Tikiti lako huenda lina maji zaidi au pungufu ya langu. Rudia gramu 100 zako mwenyewe, hesabu haibadiliki.

30 Aprili: Kusawazisha unyevu, na wadudu

Vipande vya trei moja havikauki sawa. Kabla ya kufunga moja kwa moja navijaza kwenye chupa kubwa ya kioo hadi theluthi mbili, nafunika, naitikisa kila siku kwa siku 7 hadi 10. Vyenye unyevu huwagawia vikavu. Ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, vyote vinarudi kwenye kaushio siku hiyo hiyo.

Mayai ya wadudu huuawa kwa oveni au kwa friza. Oveni ni joto jingine juu ya lililokwisha kupita, na vitamini italipa. Nimetumia friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48, vipande vikiwa vimefungwa. Usiifungue chupa mpaka ipoteze ubaridi wake, vinginevyo unyevu wa hewa ya chumbani utageuka maji juu ya vipande.

12 Agosti: Chupa zimefunguliwa

Fungu moja, lililosoma 21, liligawanywa sehemu tatu mwishoni mwa Aprili. Matokeo ya leo:

Mfuko mwembamba wa plastiki, kabatini: matone 3. Vipande vimelegea na kubadilika rangi kuwa kahawia. Plastiki ya aina hiyo hupitisha mvuke na hewa, taratibu lakini bila kukoma.

Chupa ya kioo angavu, rafu ya dirishani: matone 6. Bado vinavunjika vikavu, kwa hiyo unyevu haukuingia. Ni mwanga na joto.

Chupa ndogo za kioo zilizojazwa hadi mdomoni, zikafungwa karatasi nyeusi na kuwekwa sakafuni mahali penye baridi kuliko kote: matone 14.

Udogo wa chupa una maana kuliko nilivyotarajia. Chupa kubwa ya akiba ile ile, iliyofunguliwa mara kwa mara kuchota, imesoma 9. Kila ufunguzi unaingiza hewa mpya na unyevu wake. Sasa kila chupa ni ya pishi moja: ikifunguliwa inaisha.

20 Agosti: Jikoni

Gramu 20 za vipande hivi ni sawa na gramu 230 za tikiti bichi. Kwa usomaji wa 14, zina takriban miligramu 16. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO) humkadiria mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Kwa hiyo hili ni jazio, na atakayelitegemea peke yake atapungukiwa.

Nilipoloweka kwa maji mengi na kuyamwaga, vipande vilibaki na matone 6. Mengine yalikuwa kwenye beseni. Sasa naloweka kwa maji ya kufunika tu, yaliyopoa, kwenye bakuli lenye mfuniko, na maji hayo hayo ndiyo mchuzi. Vitu vinavyochelewa kuiva vinatangulia sufuriani, tikiti linaingia mwishoni na kuchemka dakika chache, kwa kuwa mvuke wa Machi ulikwisha kuliivisha. Nyanya au ndimu ikiwemo, itangulie pia, ili tikiti likute uchachu.

Kinachofuata ni vifuko vya unga wa chuma vya kunyonya oksijeni ndani ya chupa. Chupa mbili za fungu jipya zimefungwa leo, moja ikiwa na kifuko na nyingine bila. Zote zipo sakafuni, gizani, na zinasoma 21.